Jina Nililolificha katika Daftari la Selpha

Rosa Oketch,
S.L.P. 417,
Kisumu.
15 Juni 1997

Mpendwa mwanangu Walter,

Salamu nyingi kutoka Dunga. U hali gani wewe, na Lornah, na mjukuu wangu ambaye bado sijamwona ila kwa picha? Mashavu yake yanaonyesha kwamba huko Utah hamna njaa. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio.

Barua yako ya Machi niliipata, nami nimekaa nayo miezi miwili na nusu bila kujibu. Si uvivu. Uliniomba nikuandikie maisha ya mama yako Selpha, dada yangu, kwa kuwa kanisani kwenu wanataka kusikia habari za wanawake wa kwanza kuingia Umormoni huku kwetu. Tena ukasema mwezi wa Agosti mtaingia hekaluni na majina ya daftari lake, ili aunganishwe milele na wazazi wake. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Lakini nianze na la kwanza, ambalo halinitii aibu.

Mama yako alibatizwa mwaka wa 1989. Sisi tulikuwa Waanglikana tangu babu, na mimi ningali. Walikuwa watu kumi na wanne tu, wakisali sebuleni kwa mtu. Alikuwa akiuza omena, dagaa wetu wa ziwani, na Jumapili ndiyo siku ya wateja, lakini alizifunika kwa gunia akaenda mjini kwa miguu. Ndugu hawakumsema kwa dini, walimsema kwa chai. Aliacha chai kabisa, maana kanisa lake linaikataza. Wewe unajua, ukienda matangani ukakataa chai ya watu, wanadhani unaogopa kulishwa kitu. Mimi nilimbandika jina la Mama Maji Moto. Alicheka, akaendelea kunywa maji yake.

Andika pia kwamba baba yako alipofariki, shemeji zake walitaka kumrithi, naye akakataa mbele ya baraza zima akiwa ameketi. Hakuinua hata sauti.

Kisha likaja daftari. Kanisa liliwafundisha kukusanya majina ya wafu wa ukoo ili walio hai wabatizwe kwa niaba yao, na jambo hilo Selpha alilipenda kuliko yote. Lakini alikuwa amesoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo kalamu niliishika mimi. Mwaka wa 1991 wote tulizunguka kwa wazee, yeye akiuliza, mimi nikiandika. Penye baba niliandika Absalom Ouma. Penye mama niliandika Dorca, mama yetu, aliyefariki 1985.

Sasa nisikilize, mwanangu. Novemba ya mwaka ule Selpha alishikwa na malaria, akanituma Ahero peke yangu kwa shangazi yetu, dada ya baba aliyeolewa kule. Shangazi alinitajia majina machache, halafu akanielekeza kwa bibi mmoja jirani, akasema huyo anajua zaidi. Nilimkuta akipepeta mchele. Nilipomwambia mimi ni binti wa nani, aliweka ungo chini.

"Selpha ni mzima?" akaniuliza. "Huyo nilimzaa mimi."

Jina lake Awuor. Alikuwa mke wa kwanza wa baba. Mama yangu alipoolewa wa pili, mtoto wake wa kwanza alikufa, naye akamsingizia Awuor kwamba amemlisha dawa. Baba akamfukuza mke wake. Selpha alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba, alibaki. Nilirudi kwa shangazi mbio nikitaka aniambie bibi yule ana wazimu. Shangazi aliinamisha kichwa akasema ni kweli, ila baba alikataza jina lile lisitajwe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mimi nilisoma mpaka darasa la saba nikiwa na sare mpya, na Selpha alitolewa darasa la pili akalee wadogo. Siku zote niliambiwa hakupenda shule. Kalamu ile ilikuwa mkononi mwangu kwa sababu ilinyang'anywa kutoka mkononi mwake.

Awuor hakunilaumu. Alinisindikiza mpaka barabarani akasema, "Mwambie niko. Kama hataki kuja, basi, mpe salamu tu."

Salamu hiyo sikuifikisha. Selpha aliniuliza kitandani nimepata majina mangapi, nikamwambia manne. Nilijiambia daftari ni la wafu na Awuor yu hai, kwa hiyo sijakosa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa mama yangu aitwe mwongo kaburini, tena nilikuwa na dada mmoja tu, wa tumbo moja kama tulivyodhani, na sikutaka kumpoteza.

Mwaka wa 1994 mama mmoja muuza mchele kutoka Ahero aliniambia Awuor amezikwa. Sikwenda. Nilikula samaki na Selpha siku ile ile, nikashindwa kumtazama usoni. Na Januari ya mwaka jana, siku mbili kabla hajatutoka, alinishika mkono akasema, "Rosa, nitamwona mama."

Nikamjibu, "Ndiyo, dada."

Walter, usilipeleke daftari hekaluni kama lilivyo. Ukurasa wa kwanza, penye mama, kata Dorca, andika Awuor. Unajua mimi siamini ubatizo wa wafu. Lakini mama yako aliamini, nami nilimwibia ndani ya imani yake. Kama ni kweli wanangojana huko, basi anamtafuta mtu asiye mama yake. Na hao wanaotaka habari zake, wasomee hata haya. Usinifiche.

Mjomba wako Zadock anakusalimu sana, na Nabututu jirani anauliza lini utakuja. Zadock naye ni wa tumbo la Dorca na hajui. Nitamwambia Jumapili, akishakula. Mungu awalinde na baridi ya huko, amkuze mtoto wenu kwa amani.

Nilijua fomu ya hekaluni inahitaji tarehe ya kufa kwa Awuor, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Ahero kuiulizia. Ni tarehe 3 Septemba 1994. Mpwa wake ndiye aliyenipa. Alisema miaka ile ya mwisho, kila mafuriko yalipoingia nyumbani, walimsihi ahamie juu kwao, naye alikataa. Aliwaambia ametuma mtu kwa binti yake, na binti akija lazima amkute pale pale.

Mimi nikupendaye, niliyekuwa mtu huyo,

Mama yako mdogo,
Rosa