Kanuni ya Kamba na Kura Yangu

Ndugu yangu Ochieng',

Makala yako yamepita. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari inayozunguka, nami kwa miaka yote ya kuandikia magazeti sijajifunza kuzungusha.

Tangu tukuzike hapa Suna, mambo machache yamebadilika. Mkeo ni mzima. Darasa lako la hesabu amepewa kijana kutoka Kisii ambaye, wanafunzi wanasema, hufuta ubao kwa kitambaa, si kwa kiwiko.

Kamati yetu ya ensaiklopidia ya shule ilikutana Homa Bay wiki tatu baada ya mazishi. Tulikuwa wanne, sasa watatu. Mezani zilikuwapo kurasa zako nne kuhusu kanuni ya kamba: jumlisha pande mbili za shamba zinazotazamana, gawa kwa mbili, fanya vivyo kwa pande mbili zilizobaki, zidisha majibu hayo, useme huo ndio ukubwa wa shamba. Ulieleza kwamba ni sahihi kwa mstatili tu. Kwingine kote jibu huzidi.

Mwenyekiti alikataa. "Hili si somo, ni kosa. Lipewe sentensi mbili chini ya Pembenne. Tukiandikia kila kosa makala yake, tutahitaji lori."

Bi Akinyi wa jiografia akamjibu, "Lori litapatikana, Mzee. Makosa ndiyo hayapungui."

Kura zikawa moja dhidi ya moja. Wakanitazama mimi.

Nilikumbuka ulivyoniambia hospitalini: "Omera, ndugu yangu, usikubali yafanywe sentensi mbili." Sikutaka kupiga kura kwa ajili ya hilo. Makala hayaandikwi kwa huruma, na wewe ungekuwa wa kwanza kuniambia. Nikaomba wiki moja.

Nilikwenda Uriri kuuliza kama kuna mtu mwingine, mbali na wewe, ambaye jambo hili linamgusa. Nikawapata Okello na mdogo wake Ouma, waliogawana shamba la baba yao kwa kamba. Kila kipande kina hatua mia kila upande. Cha Okello ni mraba kamili. Cha Ouma kimelala ubavu, kikifuata kijito. Kwa kanuni ile vyote viwili ni hatua za mraba elfu kumi. Nilipima cha Ouma kwa kukikata wima, kutoka upande hadi upande unaoutazama. Hatua themanini. Basi ni elfu nane.

Kila msimu Ouma hununua mbegu za elfu kumi, na kila msimu humbakia. Mkewe alinisimulia huku akicheka: "Nilikuwa namwambia, Baba Atieno, unapanda kama mtu anayeogopa udongo." Kumbe alikuwa akipanda sawasawa.

Niliwaeleza wote wawili hesabu hiyo. Kisha Okello akauliza, "Kwani kamba inadanganya?"

Nikamwambia kamba ni nzuri, kosa liko katika kuzidisha.

"Hayo ni maneno yako, mtu wa gazeti. Nionyeshe kwenye kitabu cha shule, nami nitausogeza mpaka wetu kwa mikono yangu."

Wote wawili wanajua kusoma, basi nikamuuliza Ouma angetafuta jambo hili chini ya neno gani. Akasema, "Kupima shamba." Pembenne hajawahi kuisikia. Niliporudi Homa Bay niliwasomea maneno hayo kutoka daftari langu, nikapiga kura ya ndiyo. Mwenyekiti hakubisha. Makala yatasimama peke yake, chini ya Kupima Shamba kwa Kamba.

Sasa yale ambayo hutayapenda. Kurasa nne zimekuwa moja. Uthibitisho wako, ule ulioandika upya mara sita, nimeuondoa mimi. Si mwingine. Ni kazi safi, ila Ouma asingeufikia mwisho wake. Na jina lako halitakuwapo, kwa kuwa hakuna makala yenye jina la mwandishi. Nilikaa na ukurasa ule mkononi kwa muda. Mwandiko wako ule. Halafu nikautoa.

Kitabu kikitoka nitakwenda Uriri na nakala moja, nimfungulie Okello ukurasa, nisimame karibu naye mpaka amalize kusoma na kuinuka kwenda mpakani. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mwalimu. Kazi iliyobaki ni ya miguu, na hiyo naiweza.

Rafiki yako,
Owino