Ua la Kobalti kwa Papa

Yaya Marthe, dada yangu,

Nakusalimia wewe na mama kutoka Nagoya, kwenye mvua nyembamba isiyokatika.

Leo, pamoja na mkalimani, nilimtembelea bibi mmoja anayepamba vyombo vya shaba. Anakunja nyuzi za fedha ziwe maua, anazibandika juu ya shaba, anayajaza unga wa kioo wenye rangi, kisha anachoma tanurini.

Nikamuuliza buluu yake inatoka wapi.

“Kwenye kobalti,” akasema.

Nikamwambia kwamba kwetu Likasi tunaichimba, na kwamba papa, baba yangu, alifukiwa na udongo shimoni akiitafuta kule Kamatanda.

“Kaburi lake liko wapi?”

“Hatukumupata, mama.”

Aliweka kibano chini, akainamisha kichwa. Kisha akanipa brashi na kisahani chenye ua moja. “Jaza wewe.”

Nikalijaza unga wa buluu, naye akalitia tanurini. Ua lilitoka motoni jekundu kama kaa, likapoa polepole mpaka likawa buluu. Nililia mbele yake bila haya. Akalifunga kitambaani: “Mpelekee mama yako.”

Yaya, mwambie mama taratibu, akiwa ameketi. Sasa tuna kitu cha kuzika.

Mungu awafunike.

Ni miye, mudogo wako,
Solange