Jina la Mlalamikaji

2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Bado unatunga uzi bila miwani ili wateja wasiseme fundi amezeeka? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni, maana siku hizi naogesha wazee saba kila asubuhi badala ya watano.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kuna karatasi za kutuma, na kwa sababu simu yako huiweka spika, mtaa wote ukachangia.

Mama, msimamizi wa nyumba hii ya wazee ameniita ofisini. Wanataka kuniajiri moja kwa moja. Nilitoka pale nikasahau hata kufunga mlango. Ila sheria ya huku haimkabidhi mtu funguo za vyumba vya wazee mpaka polisi wa kwao waandike kwamba hana kosa lolote. Kwa hiyo nahitaji cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Ikipita, mkataba wangu wa muda unaisha, kibali cha kukaa kinaisha nao, nami nafunga mizigo.

Ndani ya bahasha kuna fomu yenye alama za vidole vyangu, zilizochukuliwa kituo cha polisi cha huku, na barua ya kukuruhusu unifuatilie. Peleka makao makuu ya polisi, dirisha la vyeti. Usiikunje, usiilowanishe, na tafadhali mama, usiitembeze.

Mwanao,
Chiriku

14 Machi

Kwako Chiriku wangu, kifungua mimba changu,

Marahaba, marahaba mara mia. Hali yangu njema, macho yapo, na miwani ninayo lakini ni ya kwenye shughuli. Wewe paka mafuta hiyo mikono. Mikono ya mtu aliyeajiriwa haichubuki.

Fomu sijaitembeza. Nilimwonyesha mwenye saluni tu, na mwenye duka la dawa, na wale waliokuwa wakisubiri sare za shule, maana walikuwepo, ningewafukuza? Vidole kumi vimejipanga safi kama vifungo vya shati jipya! Mwenye saluni akasema, "Kumbe huko hata vidole hupigwa picha." Nikamwambia, "Vya watu maalumu."

Makao makuu nilifika kabla ya wafagiaji. Nilivaa lile gauni la kijani nililoshona kwa mahafali yako. Nilipofika dirishani nikamwambia afande, "Huyu mnayemchunguza, tabia alizaliwa nayo. Kazi yenu nyinyi ni kuchapa tu." Akacheka, "Mama, kila mzazi husema hivyo." Nikamjibu, "Wengine husema. Mimi nashuhudia." Foleni nzima ikacheka, na mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza nilikulea vipi. Nikamweleza mpaka zamu yake ikampita.

Wamesema nirudi baada ya wiki mbili. Mwambie huyo msimamizi asihangaike kutafuta mtu mwingine. Amekwisha kumpata, na mtu mwenyewe nimemzaa mimi.

Mama yako, mama wa mwajiriwa

3 Aprili

Mwanangu,

Salamu zangu nyingi sana. Hujambo? Umekula? Wazee wako hawajambo wote saba? Huku mwenye saluni hajambo, wa duka la dawa hajambo, na cherehani nayo haijambo, nimeitia mafuta jana. Mvua imenyesha kidogo, si kubwa.

Cheti bado. Mashine yao imekwama. Usiwe na wasiwasi, na usiwasumbue kwa simu, hawapendi. Nitakwenda tena.

Mama yako

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana nimekupigia mara tisa hupokei, na mwenye saluni ananiambia umetoka hivi sasa, kila saa umetoka hivi sasa.

Mwenzangu wa zamu ya mchana, ambaye kwao ni mbali kuliko kwetu, cheti chake kilitoka kwa siku kumi. Nikaona hapana. Nimepiga simu makao makuu, nikawasomea namba ya fomu.

Mama, mashine haijakwama. Kuna jalada langu liko wazi. Wizi wa herini za dhahabu, miaka kumi na moja iliyopita. Vidole walivyonichukua kituoni siku ile vimelingana na hivi. Afisa akaniambia, "Mama yako tulimweleza tarehe ishirini na tisa Machi. Alikaa kwenye benchi muda mrefu." Kwa nini hukuniambia?

Cheti hakitoki mpaka mlalamikaji mwenyewe aende kituoni, aseme vitu vilipatikana, atie sahihi. Jina lake hawakunitajia, wamesema liko kituoni. Sihitaji kutajiwa. Namjua. Ni ndugu yako wa tumbo moja, yule fundi baiskeli. Askari walinichukua karakanani kwake, mbele ya wateja, naye amesimama na spana mkononi hasemi kitu. Na kesho yake uliniambia wewe mwenyewe, "Mjomba wako ana hasira mbaya, msamehe." Sikumsamehe. Siku niliyosafiri alikuja stendi akaninyooshea mkono, nikapanda basi.

Sasa nenda kwake, mama. Mwambie aende akafute alichoandika. Zimebaki wiki sita. Usipoweza kumwambia wewe, nitamwandikia mimi, na barua yangu haitakuwa na salamu.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Pole na mawazo. Simu ilikuwa na tatizo la chaji.

Nisikilize mimi mama yako, sijasoma sana lakini sijalala. Karibu na makao makuu kuna mchapaji mmoja, mtu wa heshima zake, anavaa tai. Amenionyesha cheti alichomtengenezea mtu mwingine. Mhuri wake na wa polisi huwezi kuitofautisha, pacha kabisa. Siku mbili tu unakuwa nacho. Huko waliko watajuaje? Wewe niambie ndiyo, mengine niachie.

Mjomba wako mwache. Ana presha. Mambo ya zamani ukiyachokonoa yananuka, na anayenuka si mmoja.

Kula vizuri.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo.

Usithubutu. Huku wanapiga simu kwenye kila ofisi iliyoandikwa kwenye cheti. Wakigundua mhuri wa bandia, sirudishwi nyumbani tu, nafungwa kwanza. Ndiyo itakuwa mara yangu ya pili kulala mahabusu, na safari hii kwa kosa la kweli.

Msimamizi ameniuliza leo. Nimemwambia wiki ijayo. Ameandika kitu kwenye daftari lake, hakunitazama.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, nimeifunga kwa gundi. Ni ya fundi baiskeli. Mpe mkononi. Nimemwambia yote niliyoyaweka miaka kumi na moja, halafu nimemwomba. Hujui ilivyoniuma kuandika hilo neno la mwisho.

Siku ishirini na mbili, mama.

Mwanao

22 Mei

Chiriku mwanangu,

Leo sianzi kwa kukuuliza hali. Nikianza hivyo nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Barua ya mjomba wako niliifungua kwa mvuke wa birika, nikaisoma. Umemwandikia, "Uliniharibia jina nikiwa sijaanza hata kulitumia." Si yeye. Ni mimi. Jina la mlalamikaji ni langu.

Mwaka ule ulikuwa umeanza kunijibu na kurudi saa unazotaka wewe. Watu wakasema mtoto wa fundi amemshinda mamaye. Mimi, nishindwe? Herini za marehemu bibi yako zilipokosekana nikasema basi, samaki mkunje angali mbichi. Unakumbuka wazazi wa mtaani kwetu walivyokuwa: unakwenda kituoni unasema mtoto amekushinda, askari wanamchukua, anatishwa, anakaa ndani siku moja, anarudi na adabu. Afande wa zamu alikuwa mtu mzima. Akaniambia, "Mama, tutamtisha tu, hakuna haja ya kuandika." Nami kwa kiburi changu nikaona ananipuuza kwa kuwa ni fundi cherehani. Nikagonga kaunta. "Andika! Kwani mimi si raia? Andika, piga mhuri, na mkimleta mchukueni na vidole!" Akaandika. Ule wino, mwanangu, niliuomba mimi.

Mjomba wako hakujua kitu mpaka askari walipoingia karakanani. Kesho yake ndiye aliyekwenda kukudhamini. Ulipotoka hukutaka hata kumtazama, nikaona umeshaamua ni yeye. Nikakuacha uamue, halafu nikaongezea la kwangu. Yeye nilimwomba anibebee lawama siku chache, mpaka upoe. Akasema, "Sawa, dada. Siku chache."

Siku ya tatu nikazikuta herini ndani ya kopo la vifungo, nilikoziweka mwenyewe. Kwako nikasema zimepatikana, yaishe. Kituoni sikurudi. Ningewaambia nini? Nilidhani kitabu kile cha kituoni kimeshaliwa na mchwa. Ndiyo maana nilisimama dirishani na gauni langu la kijani nikipiga domo.

Juzi nilimpelekea barua yako. Alifuta mikono kwa tambara, akaisoma mpaka mwisho. Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Dada, muda wote huu uliosimama hapa, ungekuwa umeshafika kituoni."

Nikaenda. Askari wa siku hizi ni binti wa umri wako. Alipekua majalada, vumbi likampanda hadi nywele, mpaka akalipata. Akasoma kwa sauti, watu wamejaa benchini: "Mlalamikaji, mama mzazi wa mtuhumiwa." Akaniangalia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Vitu vilipatikana?"

"Siku ya tatu."

"Ya mwezi huu?"

"Siku ya tatu, mwanangu, miaka kumi na moja iliyopita."

Benchi lote likanigeukia. Mzee mmoja akavua kofia akajipepea. Yule binti akasema kumtuhumu mtu kisha ukanyamaza na vitu unavyo ni jambo zito, mkuu wa kituo anaweza kunifungulia jalada mimi. Nikamwambia afungue, ila afunge kwanza la mtoto. Mkuu wa kituo alinikalisha saa tatu nzima. Alinionya kwa maandishi, akaniuliza kama najua kusoma, nikasema najua, akasema, "Basi soma kwa sauti." Nilisoma. Nilitia sahihi kila ukurasa.

Jana nikapeleka barua yao makao makuu, na leo cheti kimetoka. Kimeandikwa: Hana kumbukumbu ya kosa lolote. Kiko humu. Nimekituma kwa kampuni ya vifurushi vya haraka, wamesema siku tano.

Usikae ukanijibu. Kipeleke kwanza.

Mama yako

17 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima wa afya.

Kampuni ya vifurushi imenionyesha sahihi yako kwamba ulipokea tarehe 27. Baada ya hapo sijui kitu. Simu yako inaita mpaka inakatika. Tarehe 31 imepita, sijui uko kazini au uko njiani na mizigo. Kila gari likisimama nje nasimamisha cherehani.

Nitukane, ni haki yako. Lakini nitukane kwa maandishi, nijue ulipo.

Mama yako

9 Agosti

Chiriku,

Hujambo, mwanangu. Mimi sijambo.

Leo nilikwenda karakanani kwa mjomba wako, pedali ya cherehani imekatika, nilitaka aichomelee. Nikaona bahasha yenye stempu za huko imechomoza kwenye mfuko wa shati lake. Akaona nimeiona. Akaendelea kujaza upepo tairi la mteja mpaka likawa gumu kama jiwe.

Nikamwuliza, "Amepata?"

"Amepata. Tangu tarehe mosi Juni. Wamemkabidhi na funguo."

"Yuko mzima?"

"Mzima. Hii ni ya tatu." Akaipapasa mfukoni. "Ana maneno, mtoto huyu! Karatasi nne, mbele na nyuma. Ameniuliza goti, ameniuliza presha, ameniuliza mpaka ile baiskeli nyekundu aliyojifunzia." Akacheka peke yake, akanigeuzia mgongo, akawa anatafuta spana aliyoishika mkononi.

Nilimngoja. Ilibidi nimwulize, haya imeshaniisha: "Na mimi je, nimetajwa?"

Unamjua mjomba wako, uongo hauwezi. Aliacha kutafuta. Akasema, "Ameandika hivi: Mwambie mama cheti kilifika."

"Na nini tena?"

"Basi, dada."

Nimerudi nayo nyumbani. Maneno manne. Nimeyageuza kila upande, kama kitambaa ambacho hujui mbele ni ipi na nyuma ni ipi, nikitafuta kama kuna salamu ndani yake. Sikuiona. Lakini hukulazimika kuyaandika, nawe umeyaandika.

Basi nimepokea, mwanangu. Kilifika.

Mama yako