Sauti Yako na Vidonge vya Mama

Kwako Festo, uliyekuwa mchumba wangu,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata. Hali yako sikuulizi, maana kila jioni naisikia kwenye simu ya mama yangu: unapumua mle ndani vizuri kabisa, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kumkosea mtu. Siku hizi kwenye rekodi zako unajiita Kaka Mtulivu. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka wateja wakaniangalia. Wewe, mtulivu. Wewe uliyepanda juu ya meza kwenu Chiwanda kwa sababu kenge alipita mlangoni, ukatuacha chini mimi na dada yako na fagio moja.

Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yangu umeifungia. Barua hii naituma kwenye grupu la kwaya, la wakulima wa kahawa, na kila grupu linalosambaza mirekodi yako, ikufikie kwa njia ileile unayotufikia wewe. Wafuasi wako wakikasirika, wavute pumzi ndefu kama unavyowafundisha.

Unakumbuka tulivyoonana? Ulipanda huku milimani na magunia ya usipa, dagaa wa ziwa lenu, na ulipomaliza kuuza ukaja mashineni kwangu na muhogo wako wa kusaga. Kama umesahau kazi yangu, ndiyo hiyohiyo mpaka leo. Nasaga nafaka njia ya Litembo, na siku nzima naongea kwa kupayuka. Mashine ikishawaka, hata salamu inatoka kama ugomvi. Debe ngapi, dona au sembe, sogeza ndoo yako, yote kwa kupiga kelele. Wewe ukanisogelea ukasema kitu, sikusikia. Ukarudia vilevile chinichini, hukupandisha sauti hata kidogo. Nikazima mashine. Foleni ya watu wanane, akina mama wana watoto mgongoni, na mimi nimezima mashine ili nimsikie mwanaume. Ukasema, "Pole na kazi, dada." Basi. Ndicho ulichokuwa nacho.

Lakini nitasema kweli, maana mimi si wewe. Shingo ililegea. Vinyweleo vilinisimama kuanzia kisogoni hadi mikononi, na kitu fulani kifuani ambacho sikujua kama kimekaza kikaachia. Sikujua kwamba mtu anaweza kuguswa hivyo bila kuguswa. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuninong'oneza jambo isipokuwa la msiba au la umbea. Kwa hiyo usidhani ulinipata kwa akili zako. Ulimpata mtu mwenye masikio yaliyochoka.

Na mama ulimpata hivyohivyo. Ile siku presha ilipompanda tukampeleka zahanati, mimi nilikuwa nazunguka na kugombeza kila mtu, wewe ukavuta kigoda ukakaa karibu na kichwa chake. "Shikamoo mama. Fumba macho. Hakuna haraka." Uliongea naye hivyo kwa muda mrefu, habari za ziwa, habari za mawimbi yakirudi nyuma kwenye mchanga. Nesi alipopima tena ikawa imeshuka kidogo. Akacheka akasema, "Mama, huyu mkwe ndiye dawa yako." Utani tu wa nesi mchangamfu. Sisi sote tulicheka, Festo. Sikujua kuwa kuna watu wawili mle ndani ambao hawakuuchukulia kuwa utani, na kwamba mmoja wao ataufanya kazi.

Halafu ndoa yetu ikaanza kutangazwa kanisani, Jumapili tatu kama ilivyo desturi. Jumapili ya kwanza mama alivaa kitenge kipya akakaa benchi la mbele. Jumapili ya pili hivyohivyo. Ya tatu padre alipofika kwenye majina yetu, wewe ulikuwa umeshapita Songea, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma na simu yangu. Hukuwa na ujasiri wa kuja kuniambia. Hukuwa hata na ujasiri wa kupiga. Ulinitumia sauti, dakika saba. "Kandida, vuta pumzi. Usilie. Weka mkono kifuani. Mimi si mtu wako, lakini uko salama."

Unajua nilifanya nini? Nililala. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikairudia, nikalala usingizi mzito mchana kweupe mpaka mama akaja kunigusa akidhani nimezirai. Mwanaume ananiacha, na mwili wangu unamshukuru. Nimewahi kukuchukia kwa mambo mengi, ila kwa hilo niliuchukia mwili wangu kwanza. Ni mjinga, mwili. Ukisemeshwa polepole hauulizi nani anasema wala anasema nini.

Miaka minne hiyo nilikuacha uende zako. Mwaka huu ndipo mwanakwaya mmoja alipomtumia mama rekodi, "jaribu hii, inaleta usingizi." Mvua kwenye bati, brashi inayosugua kitambaa, halafu wewe. Mama alikutambua kabla hujamaliza neno la kwanza. Aliniita kwa furaha, "Njoo umsikie mwenzio." Nikamwambia huyo si mwenzangu. Akasema nisiharibu, nikae kimya.

Nilinyamaza, na hilo ni kosa langu. Nilijiambia ni mzee, analala peke yake, kuna ubaya gani. Na kweli alikuwa analala. Uso wake ulikuwa unafunguka, mabega yanashuka, anaacha kusugua magoti. Ningekuwa mwongo nikisema sauti yako haifanyi kitu.

Sasa sikiliza vizuri ulichofanya. Mwezi wa tatu, tukiandaa mbegu za maharage, nilimimina kopo la mbegu kwenye ungo nipepete. Kati ya maharage kulikuwa na vidonge vyeupe. Vingi. Vya presha, vya kila siku, alivyokuwa ananionyesha kiganjani, anatia mdomoni, na mimi naondoka kwenda mashineni nikiwa na amani. Nikamuuliza. Hakuona hata aibu. Akasema, "Daktari amesema mwili wangu unajitosha."

Daktari gani, mama?

"Festo."

Nikatafuta ile rekodi. Ipo, wala usikane. "Mwili wako unajitosha. Hauhitaji kuongezewa kitu. Unajua kujiponya wenyewe." Unasema hivyo karibu na mwisho, kwa ule mnong'ono wako wa kunata. Najua utajitetea: ni maneno ya faraja tu, kila mtu anaelewa. Mjini labda wanaelewa. Wewe umezaliwa pande hizi na unajua. Mama yangu nyumbani anaongea Kimatengo. Tukigombana ni Kimatengo, tukicheka ni Kimatengo. Kiswahili laini cha taratibu ameshakisikia sehemu mbili maishani mwake, kwa padre na kwa daktari, na kote huko mtu akishasema hivyo unatii. Wewe umeazima sauti za watu hao, ukazitumia kusema upuuzi uliouokota sijui wapi.

Nilimwambia vyote ninavyojua. Akanijibu kwa upole, "Nikimsikia, moyo unatulia. Moyo ukitulia, presha itatoka wapi?" Na ukimsikiliza unaona anasema la maana. Tatizo ni kwamba lina maana nusu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, kikombe kilimtoka mkononi. Mkono wa kushoto ulikataa, mdomo ukavutika upande, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kufikia mchana vyote vikawa vimerudi, anauliza kwa nini nalia. Daktari, wa kweli huyu, aliyesoma, alituambia hilo lilikuwa onyo la kiharusi na linalofuata huenda lisiondoke. Nilimuuliza habari za sauti. Hakuidharau. Alisema pumzi ikipungua kasi na mwili ukilegea, presha inaweza kushuka kwa muda, na usingizi ni kitu kizuri, asikilize tu. Ila sauti ikizimwa, mishipa ni ileile. Asikilize, na ameze. Vyote viwili, kila siku.

Nilirudi nyumbani nikafuta rekodi zako zote. Nilijisikia vizuri kama saa moja. Mama hakulala siku tatu. Hakula. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake ananiangalia tu, na vidonge alivitema mbele yangu sasa, bila kujificha. Siku ya nne jirani akamrudishia rekodi zote, na mama akala ugali.

Nikasema basi, nitamrekodia mimi. Usicheke. Nilifunga mashine mapema, nikaingia stoo ya mahindi kwenye ukimya, nikaongea Kimatengo chetu, taratibu kadiri ninavyoweza. Mama, ni mimi mwanao, kunywa dawa, tulia. Nikamwekea zile spika ndogo masikioni. Alisikiliza kidogo akazitoa. "Mwanangu," akasema, "mbona unanisemesha kama uko mashineni?"

Hapo ndipo palipouma, Festo, kuliko Jumapili ile ya tatu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemfunga viatu, ninayemlimia, ninayejua ni kiganja kipi anachofichia kidonge. Lakini sauti yangu imeharibika kwa kupayuka miaka yote hii ili tule, na haimpumzishi. Yako, ambayo haijawahi kubeba hata ndoo ya maji kwenda popote, ndiyo inayompumzisha. Kama kuna haki hapo, nionyeshe.

Kwa hiyo nafanya jambo ambalo niliapa sitafanya. Nakuomba. Nakudharau, na nakuomba, na nataka usome yote mawili. Sitaki unirudie. Sitaki maelezo ya kwa nini uliondoka. Msamaha wako kaa nao hukohuko. Nataka dakika moja ya sauti yako, bila mvua, bila brashi, bila mawimbi. Washa simu, sogea karibu kama unavyojua, useme hivi:

"Shikamoo mama. Ni Festo. Mimi si daktari, sijawahi kuwa daktari. Niliposema mwili unajitosha, nilikosea. Chukua kidonge cheupe. Kiweke kwenye ulimi. Kunywa maji. Kimeze, mama, mimi nasubiri."

Halafu usubiri kweli. Hesabu mpaka kumi kimyakimya, asikie unavyopumua, ajue hujaondoka. Usiongeze lolote la kwako. Usinitaje. Itume kwenye grupu la kwaya, itanifikia, na mimi nitamwekea kila jioni akiwa na glasi mkononi, mpaka mmoja wetu afe. Ndiyo, nitakuwa nakusikia kila siku ya maisha yangu, na najua kabisa mabega yangu yataniangusha tena. Nimeshakubali.

Fanya leo. Mama ameshaanza kuuliza kama umeleta mpya. Jana jioni nilikaa karibu na kichwa chake, nikamwambia umenipigia, unakuja na nyingine nzuri, avumilie. Niliongea chinichini ili sauti isitetemeke. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake tangu niwe mtu mzima, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafumba macho kwa sauti yangu.

Ni mimi,
Binti wa mgonjwa wako