Kobalti Ndani ya Msalaba wa Baba

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe na wote wa nyumbani hapo Kamalondo. Magoti yanakusumbua bado? Umeme umerudi, au mnaendelea kupika kwa makala? Mimi mwili ni mzima, moyo hapana, na leo sitakuficha kitu. Jumapili Baba alichukua simu, akaniuliza kwa ile sauti ya kifua kilichokwisha: "Yvette, croisette utaileta siku gani? Miye minachoka kungoya." Nilimjibu, "Wiki ijayo, Baba." Nilimdanganya, Mama.

Unakumbuka hiyo croisette, ule msalaba wa shaba wa ukoo wetu, ilivyotoka nyumbani. Kwenye matanga ya shangazi, baba mdogo Célestin alisema mbele ya watu kwamba si wa mababu, ni wa bandia: "Ile njo ya soko, banauzishaka bazungu." Baba alinuna mwezi mzima. Nilipokuja likizo akanipa umefungwa kwenye kitambaa: "Enda nayo kule unatumikaka, baipime, ndugu yangu anyamaze."

Kazi yangu nilishakueleza. Huku ng'ambo kuna jumba kubwa lenye mashine inayopiga chuma kizito mpaka kitoe chembe ndogo sana. Aina moja, nyutroni, zinapita ndani ya madini na kuonyesha yalivyoyeyushwa. Nyingine, muoni, zinazama kidogo, zinasimama, na pale zinaposimama tunajua ni madini gani. Watu wanaleta betri, injini, dawa, hata mapanga ya kale. Hatukati kitu, hatutoboi kitu. Ndiyo maana nilimwapia Baba kwamba msalaba wake utarudi kama ulivyokuja.

Tulianza na muoni. Majibu yake yanachukua siku kadhaa kusomwa, na ningengoja. Lakini kesho yake mtu mmoja aliahirisha zamu yake ya nyutroni, nami nikaona bahati imenijia. Kwenye karatasi ya maombi wanauliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Niliandika "shaba". Shaba tu! Mimi, mtoto wa mtu aliyeungua mikono kwenye tanuru za shaba, niliyekua nikisikia kobalti mezani kama watoto wengine wanavyosikia habari za mpira. Mzungu angesahau ningemsamehe. Mtu wa Lubumbashi anasahau vipi kwamba shaba yetu haitoki ardhini peke yake, bila kobalti?

Nyutroni zikiingia kwenye shaba, inabaki na mionzi siku chache, halafu inatulia. Zikiingia kwenye kobalti, haitulii upesi: kila miaka mitano hivi mionzi yake inapungua nusu tu. Ingrid, mama mpole anayesimamia mambo ya mionzi, alileta kipimo chake siku ya tatu, kikalia. Akarudi wiki iliyofuata, kikalia vilevile. Akaniambia msalaba hautoki. Nilimwomba, nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Alinipa kiti na maji, kisha akafunga kabati. Na ana haki, Mama. Hata mimi nisingekubali mkae nao chumba kimoja na watoto.

Wenzangu walitaka kunitengenezea mwingine wa plastiki, rangi ya shaba kabisa. Nimewashukuru, nimekataa.

Baadaye majibu ya muoni yakatoka. Msalaba ni wa kweli. Ile kobalti kidogo ni ya ardhi yetu. Nyaya za kiwandani ambazo watu wa soko wanayeyusha kutengeneza misalaba ya bandia zimesafishwa, hazina kitu hicho. Ungekuwa wa bandia, leo ungekuwa mikononi mwa Baba. Na muoni peke yake zilitosha. Nyutroni zilikuwa tamaa yangu tu.

Mdogo wangu Odile ameniandikia kwamba daktari amewarudisha nyumbani na Baba. Nimeelewa. Lakini tiketi sijakata. Mimi kifungua mimba ndiye wa kuulaza msalaba kifuani mwake siku ya kumuaga, na kuuchukua kabla ya jeneza kufungwa, kama yeye alivyomfanyia babu. Nikija mikono mitupu, nitasimama wapi? Naona haya, Mama. Naona haya mpaka nashindwa kula.

Nisalimie Odile anayewauguza bila kuchoka, tantine, mama mdogo wa Mokambo, akipita na bidhaa zake, na wajukuu zako wote. Baba mdogo naye msalimie, na umwonyeshe barua hii.

Mwambie Baba leo, akingali anasikia, kwamba msalaba wake ni wa kweli. Akiuliza utafika lini, usirudie uongo wangu. Na siku ile ya kumuaga msimwekee rozari kifuani, wala kitu kingine. Pale pa msalaba paacheni wazi. Watu wakiuliza, wajibuni ni kosa la Yvette.

Mwanao wa kwanza,
Yvette