Mkono wa Mama Bafuni

Fisksätra, Uswidi

Dada yangu mpendwa Ghislaine,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo Buyenzi. Goti lako limepata nafuu? Sisi ni wazima, ingawa baridi ya huku haina adabu. Ningekupigia simu, ila ningelia kabla ya kumaliza.

Unakumbuka mikono ya Mama ilivyokuwa ikitetemeka mwishoni. Basi tangu tumzike, mwanangu Rebecka akitoka kuoga huniambia, kwa Kiswidi chake, kwamba Bibi yumo bafuni, amemshika mkono, na bado anatetemeka. Nilimwuliza wapi. Akanionyesha ubavu wa mashine ya kufulia, ile ya mtumba niliyoiweka karibu na bomba la kuogea, waya wake nikiurefusha kwa waya wa kuunganishia na kuupitisha chini ya mlango hadi kwenye soketi ya koridoni. Nikaishika. Haikutetemeka hata kidogo. Nywele zilinisimama hata hivyo, maana mtoto alikuwa akitabasamu.

Jumapili nilisahau kandambili zangu. Nilisimama pekupeku kwenye maji, nikaegemea mashine, na Dada, Mama alinishika. Mtetemo ule ule, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nililia kwa furaha.

Siku chache baadaye nilimsikia Rebecka humo ndani akimwomba Bibi asimbane hivyo, anamwumiza, amwachie. Niliuchomoa waya koridoni kabla sijafungua mlango. Nilimkuta ameketi sakafuni, mkono umekufa ganzi, macho kayakodoa kwenye mashine.

Fundi wa umeme, Filip, alieleza kwamba waya wa ndani ulichubuka ukagusa bati la mashine, na waya wangu wa kuunganishia haukuwa na njia ya kupeleka umeme ardhini, kwa hiyo ulipita kwa yeyote aliyelowa. Mimi raba ya kandambili ilinikinga. Alisema tungeweza kumzika mtoto.

Sasa sikia nisichomwambia fundi wala mume wangu. Nilishajua. Jumapili ile ile nilivaa kandambili, Mama akapotea, nikazivua, akarudi. Nikaelewa ni umeme. Na kesho yake nikazivua tena. Nilimwacha mwanangu aoge humo, Dada, kwa sababu sikutaka Mama aondoke mara ya pili.

Mashine tumeitupa. Rebecka hamtaji tena Bibi. Anachouliza ni kwa nini mama yake husimama bafuni bila viatu, kiganja ukutani.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukienda kaburini kwa Mama, mwombee, lakini usimtajie jina langu. Naogopa akiniita nitaitika.

Mdogo wako akupendaye,
Ariane