Video ya Baba Mdogo

Jumanne usiku

Mimi ndiye bingwa wa vichekesho Mkuyuni nzima, nani anabisha? Leo natamani ningezaliwa bubu.

Asubuhi baba mdogo aliangusha kikombe cha chai, mdomo ukaenda upande, akawa anaongea kama ametafuna ugali wa moto. Nikamrekodi kwa simu huku nacheka: "Baba mdogo, unambinulia nani mdomo?" Video nikairusha kwenye kundi la mtaa. Jirani yetu nesi akapiga simu: "Mjinga wewe, hicho ni kiharusi! Mpeleke hospitali sasa hivi!"

Daktari akauliza kilianza saa ngapi, maana matibabu yanategemea muda. Nikampa video. Kicheko changu kikajaa chumba kizima.

Mama mdogo akairudia, sikio kwenye simu.

"Hapa anaomba umshike," akasema. "Anakuita kwa jina lako."